Halafu Inaendaje? Kusoma Muundo wa Muziki Chuo Kikuu

Ukisema harusini kwamba unasoma utunzi wa muziki chuo kikuu, meza nzima itanyamaza kidogo. Halafu atatokea shangazi mmoja: "Yaani kuimba?" Hapana shangazi, si kuimba. "Basi kupiga kinanda?" Pia si hasa. Hapo wengi hukata tamaa, wanasema "ndiyo, kinanda," na wanaendelea na biriani.

Makala haya ni kwa wale ambao wangependa kuwa na jibu. Pia ni kwa yule aliyepata nafasi ya kozi hiyo mwaka huu, ambaye kompyuta yake imejaa midundo aliyoitengeneza usiku chumbani, na anajiuliza chuo kitamfundisha nini ambacho YouTube haijamfundisha tayari.

Jibu fupi ni muundo. Yaani namna kipande cha muziki kinavyopangwa kutoka mwanzo hadi mwisho: nini kinakuja kwanza, nini kinarudi, lini, na kwa nini mwisho unasikika kama mwisho. Jibu refu lina utamu wake, na lina jambo ambalo sisi tuliokulia huku inabidi tulijue kabla ya kuingia darasani. Tutalifikia.

Kuanza ni rahisi

Anayeingia darasa la utunzi mara nyingi anakuja na mwanzo mzuri. Ana melodia tamu, au kodi nne (za gitaa, si za nyumba) zinazofuatana vizuri, au mdundo unaotikisa kichwa. Tuseme ana vipimo vinane, vile vyumba vidogo vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari wima kwenye karatasi ya noti. Hizo ni kama sekunde 15 za raha. Halafu kazi ya darasa inasema: andika kipande cha dakika tatu.

Hapo ndo shida inaanza. Ukirudia sekunde zako 15 mara 12, umefika dakika tatu, lakini msikilizaji alishachoka mara ya tano. Ukileta kitu kipya kila baada ya sekunde 15, utakuwa na vitu 12 visivyojuana, na msikilizaji atapotea. Huku kuna kuchosha, kule kuna kupoteza watu. Kusoma muundo ni kujifunza kupita katikati.

Kwa nini ni kazi ngumu hivyo? Kwa sababu muziki hupita. Picha ukutani unaweza kuitazama yote kwa pamoja, ukarudi kwenye kona moja, ukaondoka, ukarudi tena. Muziki ukishapita umepita. Kitu pekee alichobaki nacho msikilizaji ni kumbukumbu ya alichosikia, na matarajio ya kitakachofuata. Kwa hiyo mtunzi hafanyi kazi na sauti peke yake. Anafanya kazi na kumbukumbu za watu.

Na ukichunguza vizuri, mambo anayoweza kufanya ni manne tu. Anaweza kurudia. Anaweza kurudia huku akibadilisha kidogo. Anaweza kuleta kitu tofauti kabisa. Anaweza kurudi kwenye kile cha mwanzo baada ya kukaa mbali nacho. Majina yote makubwa utakayokutana nayo, sonata, rondo, fyuga, vibadiliko, ni mipangilio mbalimbali ya mambo hayo manne.

Chukua *Für Elise* ya Beethoven, ya mwaka 1810. Karibu kila mtu aliyewahi kugusa kinanda cha shule anaijua ile sehemu ya mwanzo. Tuiite A. Baadaye inakuja sehemu nyingine nyepesi zaidi, B, halafu A inarudi. Kisha C, yenye noti moja ya chini inayogongwagongwa kwa wasiwasi, halafu A tena. Kwa hiyo tuna A B A C A. Huo ni mpango wa rondo. Sasa angalia: A ya mwisho ina noti zilezile za A ya kwanza, lakini haisikiki vilevile, kwa sababu masikio yako yametoka kwenye wasiwasi wa C. Noti hazikubadilika, aliyebadilika ni wewe. Ukishaelewa hilo umeshaelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili ni matarajio. Mwaka 1792 Joseph Haydn alikuwa London, na huko ndiko simfonia yake namba 94 ilipopigwa kwa mara ya kwanza. Sehemu ya pili inaanza na melodia rahisi sana, kama wimbo wa chekechea, kwa sauti ndogo. Vipimo vinane. Halafu vinarudi vilevile kwa sauti ndogo zaidi. Unaanza kutulia, unajua kitakachofuata, na palepale, mwisho wa kipimo cha 16, okestra nzima inapiga kodi moja kwa nguvu zote. Watu wanaruka vitini mpaka leo. Lakini jiulize: kama kishindo hicho kingekuja kwenye kipimo cha pili, nani angeshtuka? Haydn alihitaji vipimo 16 vya kuwazoesha watu utulivu ndipo awashtue. Kishindo chenyewe kila mtu anaweza kukipiga. Mahali pa kukiweka ndipo penye utunzi.

Nyumbani, safarini, nyumbani

Umbo utakalolisikia likitajwa sana ni umbo la sonata. Limejaa kwenye muziki wa Vienna wa miaka ya 1770 na kuendelea: simfonia, kwarteti za nyuzi, vipande vya piano. Likielezwa kwa haraka linatisha, lakini msingi wake ni safari.

Kuna sehemu ya kwanza ya kutambulisha. Mtunzi analeta wazo la kwanza katika ufunguo wa nyumbani, tuseme do yetu iko kwenye C. Kisha anahama, na wazo la pili analileta ugenini, mara nyingi kwenye ufunguo wa G, ambao ni so ya C kwa wale waliokulia kwaya za do-re-mi. Sehemu ya kati ni ya kuchakata: mawazo yale yanakatwakatwa, yanapitishwa kwenye funguo za mbali, yanagombana. Mwishoni kuna sehemu ya kurudi, ambapo yote mawili, hata lile la ugenini, yanasikika sasa katika ufunguo wa nyumbani. Mgeni amekuwa mwenyeji.

Sikiliza sehemu ya kwanza ya simfonia ya tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Unaijua: noti tatu fupi na moja ndefu. Kutokana na punje hiyo moja Beethoven anajenga karibu kila kitu, mpaka hata melodia laini ya pili ina zile noti nne zikigonga chini yake kwenye besi. Halafu kwenye sehemu ya kurudi, mahali ambapo tayari unajua kinachofuata, mbio zinasimama ghafla. Zumari moja, obo, inaimba peke yake maneno machache ya huzuni, kisha okestra inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ni sekunde chache tu. Lakini kama usingekuwa unaijua njia, usingegundua kwamba mtu amesimama barabarani.

Sasa hapa pana jambo ambalo walimu wazuri hulisema siku za mwanzo, na wengine husahau kulisema kabisa. Mozart na Haydn hawakusoma sheria za umbo la sonata kwenye kitabu. Maelezo yaliyokuja kutawala madarasa yaliandikwa na Adolf Bernhard Marx, profesa wa Berlin (si yule Karl), katika kitabu chake kikubwa cha utunzi kilichotoka miaka ya 1830 na 1840. Mozart alifariki 1791. Marx alizaliwa 1795. Yaani muziki ulitangulia, sheria zikafuata. Marx alitazama walichofanya wakubwa, hasa Beethoven, akakiandika kama ramani.

Na ukishika ramani hiyo mkononi utaona wenyewe hawakuifuata kila mara. Sonata ya piano ya Mozart namba K. 545, ya mwaka 1788, hupewa wanafunzi wa piano duniani kote. Iko katika C. Kwa mujibu wa ramani, sehemu ya kurudi ilitakiwa ianzie C. Mozart anairudisha ikiwa F. Mwanafunzi anauliza, amekosea? Hapana. Mwanzoni safari ilitoka C ikafika G, yaani hatua tano juu. Safari hiyohiyo ikianzia F inafika wapi? Inafika C, nyumbani. Kwa hiyo wazo la pili linatua panapotakiwa kwa kupita njia ileile iliyopitwa mwanzo, ila kituo cha kuanzia kimesogezwa. Hilo ndilo unalolisomea: kujua njia vizuri mpaka unaweza kuingilia mlango wa nyuma na bado ufike sebuleni.

Darasani mnafanya nini hasa?

Wengi hudhani mnakaa mnasubiri wahyi. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi ni kusikiliza na kuchora.

Unapewa rekodi na noti zake. Mara ya kwanza sikiliza bila karatasi. Mara ya pili shika kalamu na saa, andika kila mahali unapohisi jambo limebadilika: 0:42, gitaa limeingia, 1:15, sauti zimepungua, 2:03, hii nimeisikia mwanzoni. Mara ya tatu ndipo unafungua noti na kuhesabu vipimo. Unachora mstari mrefu, unaugawa, unaupa herufi. Unatafuta vituo, yaani mahali sentensi ya muziki inapopumua. Vingine ni kama mkato: unahisi bado kuna neno. Vingine ni kama nukta: imeisha. Unasoma pia funguo: tuko nyumbani au tumehama?

Baada ya kuchambua unaandika kwa kuiga. Utaambiwa uandike minueti fupi kwa mtindo wa Haydn, au vibadiliko vitano juu ya melodia moja, au fyuga, ambapo sauti moja inaanza, ya pili inaingia na melodia ileile wakati ya kwanza ikiendelea na jambo lake, kisha ya tatu, kama watu wanaongea wote kwa pamoja na bado wanaelewana. Hakuna anayetarajia uwe Haydn. Ni sawa na kujifunza kushona kwa kufumua shati lililoshonwa na fundi mzuri: unaona pindo lilianzia wapi.

Mwishoni unaandika vya kwako. Mara nyingi unaambatanisha maelezo ya kurasa chache: ulitaka nini, ulipanga vipi, kwa nini sehemu hii iko hapa. Ni hapo kwenye "kwa nini" ambapo watu wengi hukwama. "Ilisikika vizuri" ni mwanzo tu wa jibu.

Mbona haya tunayajua?

Sasa tuje kwenye lile jambo tuliloahidi. Mtu anaweza kukaa darasani miezi mingi akihisi kwamba muundo ni mali ya Vienna, na kwamba muziki wa kwao ni "mdundo" na "hisia". Hiyo si kweli, na ushahidi uko kwenye rekodi za sebuleni.

Anza na bashraf. Ni kipande cha vyombo bila mwimbaji, kilichozoeleka kufungulia onyesho la taarab Zanzibar, kwenye vikundi kama Culture Musical Club, kilichoanza 1958. Jina na umbo lake asili ni Uturuki, na lilipita nchi za Waarabu kabla ya kufika kwetu. Bashraf ina khana, kwa kawaida nne, na baada ya kila khana inarudi sehemu ileile inayoitwa taslim. Andika kwa herufi: A T, B T, C T, D T. Unaona kitu? Ni jamaa wa rondo. Tofauti ni kwamba rondo inaanza na kile kitakachorudi, wakati bashraf inakufanya ukisubiri. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha jinsi unavyosikiliza kutoka sekunde ya kwanza, na unaweza kuiandikia insha nzuri kabisa ya mwaka wa pili.

Njoo kwenye utenzi, ule ambao pengine bibi anaughani na wewe unajifanya uko kwenye simu. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani nane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na kina hicho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Lakini kina cha mshororo wa nne hakibadiliki. Kinashika kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama beti ni mamia. Mishororo mitatu inatembea, wa nne unarudi nyumbani. Hiyo ni kazi ileile inayofanywa na do kwenye sonata: popote ulipokwenda, sikio linajua nyumba iko wapi.

Na ona tulivyo matajiri wa maneno. Ubeti, mshororo, kina, mizani, kiitikio, kibwagizo. Hayo yote ni maneno ya muundo. Wazee wetu wanayatumia kila siku bila kuyaita nadharia. Ukimwambia bibi "nasoma jinsi kibwagizo kinavyofanya kazi," atakuelewa haraka kuliko ukimwambia unasoma rondo, na huenda akakusahihisha.

Mwisho, dansi. Rumba ya Kongo na dansi la Tanzania vina wimbo wa sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni ya polepole: mwimbaji anasimulia, wenzake wanaitikia kwa sauti zilizopangwa. Kisha wimbo unageuka. Magitaa yanachukua usukani, mdundo unapanda, maneno yanapungua, watu wanainuka. Wakongo wanaita sebene. Tanzania wanaita chemko. *Mario* ya Franco na TPOK Jazz ya mwaka 1985 ina zaidi ya dakika kumi, na hakuna anayelalamika kwamba ni ndefu.

Umewahi kumwona baba akiendesha gari, wimbo kama huo ukicheza, na sekunde chache kabla magitaa hayajaingia mkono wake unakwenda kuongeza sauti? "Subiri, inakuja." Hajasoma noti hata moja, lakini ana ramani ya wimbo mzima kichwani na anajua yuko kilomita ya ngapi. Huo ndio uchambuzi wa muundo. Chuo kitakupa kalamu ya kuuandika.

"Inazunguka palepale"

Hapa kuna jambo zito. Mwanafunzi anapeleka kipande kilichojengwa kwa namna ya chemko: kodi tatu, mzunguko mmoja, dakika nne. Kinarudi na maoni pembeni: kinajirudia sana, hakisafiri, hakikui. Afanye nini? Akubali kwamba muziki wa kwao una kasoro? Au akasirike, aseme hawaelewi, asifungue tena yale maoni?

Kwanza ajue kwamba kuna zaidi ya kipimio kimoja. Umbo la sonata hupima safari: umehama ufunguo, umerudi? Muziki wa mzunguko unapima kitu kingine. Katika chemko kodi hazihami, na hazikusudiwi kuhama. Kinachobadilika ni tabaka. Gitaa la solo linashika kipande kifupi, linakirudia mpaka kikuingie mwilini, halafu linakibadilisha na watu wanapiga kelele. Besi inatoka, inarudi. Ukichora ramani ya funguo tu, ukurasa utabaki mweupe, na utadhani hakuna kilichotokea. Ukichora ramani ya tabaka, nani yuko ndani, nani ametoka, kipande kipi kimeshika, ukurasa utajaa.

Mfano mzuri zaidi uko Buganda. Amadinda ni marimba ya mbao 12 yanayopigwa na watu watatu kwa pamoja. Wa kwanza anapiga mfululizo wake. Wa pili anaweka noti zake katikati ya noti za wa kwanza, kama vidole vya mikono miwili vinavyoingiliana. Wa tatu anaokota noti fulani kutoka kwenye mchanganyiko huo na kuzigonga kwenye mbao mbili za juu. Kinachotokea kinashangaza: unasikia melodia ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga. Zinazaliwa masikioni mwako. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza kwa mwanamuziki Evaristo Muyinda, aliandika sana juu ya jambo hili. Mzunguko ni uleule, lakini sikio linasafiri ndani yake. Nani atasema hakuna muundo?

Na watunzi wakubwa wa huku walilijua hilo. Steve Reich, Mmarekani, alikwenda Ghana mwaka 1970 kusoma ngoma katika Chuo Kikuu cha Ghana, na baada ya kurudi akamaliza *Drumming*, kazi ya karibu saa nzima iliyojengwa juu ya mdundo mmoja tu. Mganda Justinian Tamusuza aliandika kwarteti ya nyuzi, *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, yenye mizizi ya muziki wa Kiganda, na Kronos Quartet wakairekodi kwenye albamu yao *Pieces of Africa* ya 1992. Mghana Kofi Agawu, mmoja wa wachambuzi wanaoheshimika sana wa Mozart na Haydn, ametumia miaka mingi kupinga tabia ya kuuzungumzia muziki wa Afrika kana kwamba ni midundo tu isiyohitaji uchambuzi wa kina. Majina hayo yako maktabani. Ukiyataja kwenye maelezo yako, mazungumzo na mwalimu yatabadilika.

Lakini tusidanganyane pia. Kuna wakati maoni yale ni ya kweli. Kunakili mzunguko na kuubandika mara 16 kwenye kompyuta si chemko. Wapigaji wa chemko wanasikilizana na wanawatazama wachezaji. Kompyuta haimtazami mtu. Kusema "huu ni utamaduni wetu" hakuwezi kuokoa kipande ambacho mtunzi mwenyewe hajui kwa nini kina dakika nne badala ya mbili.

Kwa hiyo jipime kwa maswali matatu. Nikiondoa sehemu hii, kuna kitu kitavunjika? Nikibadilisha sehemu mbili nafasi, kuna tofauti? Na msikilizaji, bila kutazama saa, anaweza kuhisi kama tuko mwanzoni, katikati au karibu na mwisho? Kama majibu yote ni hapana, bado huna muundo, hata ungekuwa umeandika kwa mtindo gani. Kama ni ndiyo, unao, na kazi yako sasa ni kuueleza kwa lugha ambayo msomaji wako atauona.

Kama unaanza mwaka huu

Soma hayo maumbo ya Vienna kwa moyo mmoja. Usiyadharau kwa sababu si ya kwenu. Ni zana nzuri, zimejaribiwa muda mrefu, na mtu anayeijua sonata vizuri anasikia mengi zaidi hata kwenye taarab.

Jizoeze kuchora kila wiki wimbo mmoja wa darasani na mmoja wa nyumbani, kwa njia ileile na kwa uzito uleule. Chukua *Sina Makosa* ya Les Wanyika, kwa mfano. Weka saa, andika dakika na sekunde, toa herufi. Halafu uliza: wametumia lipi kati ya mambo manne, na wapi?

Cheza au imba na watu. Muundo wa mzunguko hauonekani vizuri kwenye karatasi. Unauelewa ukiwa ndani yake, ukisubiri zamu yako. Likizo ikikupeleka Zanzibar, kuna Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa 2002, ambako taarab inafundishwa kwa noti na kwa sikio. Ukibaki huku, kwaya ya kanisani, maulidi ya mtaani au kikundi cha ngoma ya harusi kitakufundisha mambo ambayo muhula mzima hautayamaliza.

Na unapoandika kipande chako cha kwanza cha dakika tatu, usianze na kompyuta. Anza na mstari kwenye karatasi. Weka alama mahali unapotaka mtu aongeze sauti. Halafu jiulize: nimfanyie nini kabla ya hapo, mpaka mkono wake uende wenyewe?

Kazi ya wiki hii kwa wote, hata msiosoma muziki: mwombe mzazi au mjomba achague wimbo mmoja aupendao, muusikilize pamoja, na uandike kila mahali anaposema "hapo sasa!" Ni sekunde ya ngapi, na nini kilikuwa kimetokea kabla yake? Tutumieni mlichopata. Tutasoma michache kwenye kipindi kijacho.